Mtambuu wa Jokha na Mitungi ya Samli

Jumamosi, 3 Mfungo Saba 1303

Jokha, mke wangu, kavuka asubuhi kwenda Unguja kumtazama dada yake aliyejifungua. Siku sita. Kaniachia amana moja tu: mtambuu wake uani, anaochuma majani ya kutafuna. Shina lake alipewa na mama yake, na mama mwenyewe tulimzika mwaka jana. Nimwagilie mitungi miwili kila jioni, kasema, macho yakamlowa. Mitungi miwili! Kisima kiko mbali na jua la kaskazi halina huruma. Mgongo wangu si wa punda.

Jumapili, 4

Jirani yetu Bi Nunu ana mitambuu ya kijani cha kukera. Nikampa shikamoo kwa ulimi tu, nikamuuliza siri. Kasema amefukia mtungi wa udongo kando ya shina. Maji yanachuja taratibu, anajaza mara moja kwa siku tatu. Nikanunue mpya kwa wafinyanzi, akaniasa. Mpya! Ghalani ninayo mitatu mitupu, ilikuja na samli. Nimefukia yote, nimejaza, nimelala. Akili ni mali.

Jumatano, 7

Ajabu! Siku tatu, na mitungi imejaa vilevile hadi mdomoni. Mtambuu huu una kiasi kama mcha Mungu. Majani yamenyong'onyea, bila shaka kwa shibe. Bi Nunu kachungulia, kauliza mitungi ilikuwa na nini. Nikamwambia. Kasema samli imeziba vitundu vyote, tone halipiti, nimwagilie kwa kata upesi mti usife. Wivu huo!

Alhamisi, 8

Si wivu. Majani yamekuwa manjano, mengine yamepukutika. Nimetoboa mtungi mmoja kwa msumari. Ukapasuka, maji yakazama mchangani kwa mkupuo. Wa pili vilevile. Wa tatu pia; mwanamume lazima awe na msimamo. Jokha anarudi kesho na mimi naogopa. Nimenunua majani mabichi sokoni, nimeyafunga kwa uzi, moja moja, adhuhuri nzima.

Ijumaa, 9

Karudi. Kautazama mtambuu, katabasamu, kasema Mungu anilipe. Kisha kachuma jani atafune. Likaja na uzi. Akavuta la pili. La tatu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa chini akalia, akisema hakuna kitu kingine cha mama yake kilichobaki kikiota. Chini kabisa kapata pingili moja yenye uhai, kampelekea Bi Nunu aipande kwake. Mimi nisiisogelee.

Jumatatu, 12

Pingili imetoa jicho dogo la kijani. Jokha anashinda kwa Bi Nunu akilitazama. Kwangu anakuja kulala tu. Nyumba imepooza kama yenye msiba. Naumia. Nataka kumfurahisha bila yeye kujua.

Nimewaza sana. Minazi ya ufukweni haimwagiliwi na mtu, mizizi yake imo chumvini, na imenawiri. Na bahari iko karibu kuliko kisima! Tena maji yake hayaishi. Leo alfajiri nimenyemelea ua wa Bi Nunu, nikaimwagia pingili ndoo nzima ya maji ya bahari. Imelowa vizuri. Jokha sasa hivi anajitanda leso aende kuitazama.