Kanuni ya Tatu ya Kuonja Divai

Jumatatu, 6 Mei

Kadi! Imeletwa kibandani na mlinzi wa jengo. Nilikuwa na lenzi jichoni, na saa ya mama mmoja iko vipande vipande mezani. Nikatambua mwandiko wa kwenye bahasha. Nikashtuka, springi ikaruka. Mpaka sasa sijaiona.

Binti yangu ananialika. Jumamosi saa tisa alasiri, hotelini kwake, kuonja divai, kwa watu ambao hawajawahi kuonja. Ni mara yake ya kwanza kuongoza kikao peke yake. Meneja atakaa nyuma na karatasi yake. Mambo yakienda vizuri, binti anakuwa msimamizi wa divai wa hoteli nzima. Yakiharibika, anarudi kubeba sinia. Nyuma ya kadi kuna kanuni tisa zilizochapwa kwa ajili ya wageni wote. Chini yake, kwa kalamu: Baba, njoo. Ukae tu kama wengine.

Miezi kumi na moja hajakanyaga nyumbani. Tangu tulipomzika mama yake.

Niandike basi, maana humu hasomi mtu. Siku ile hospitalini zamu ya kukaa na mke wangu ilikuwa yangu, saa nane mpaka saa kumi. Nikaona kukaa tu hakusaidii kitu. Nikashuka ofisini kumlaghai karani atupe chumba cha peke yetu, nikajitia kaka wa daktari mkuu. Karani akaniuliza daktari mkuu anaitwa nani. Nilipopanda tena, binti alikuwa amefika, na mama yake ameshafunikwa shuka. Binti aliniambia neno moja tu: Baba, si ungekaa tu.

Nitakwenda. Ila kukaa tu, hapana. Safari hii lazima anionee fahari.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Shemeji naye amealikwa. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, mtaa mzima unamwita Mheshimiwa tangu agombee uenyekiti wa wapangaji akapata kura mbili, yake na ya mkewe. (Mkewe anakana.) Amepita kibandani makusudi kunionyesha kadi. Anasema ameshaonja divai mara tatu, na akinusa tu anajua zabibu zilikua upande gani wa mlima. Nikamwambia mimi huwa najua mpaka jina la mkulima. Akanitazama. Nikamtazama. Sasa nimejifunga, lazima nijifunze.

Kanuni ya tano: shika glasi kwa mguu wake, usiishike tumboni. Glasi zangu hazina miguu. Nimegandisha moja kwa gundi juu ya kifuniko cha chupa. Ilisimama dakika nne.

Kanuni ya saba: tema kwenye ndoo bila haya. Nimefanya mazoezi kwa chai ya rangi. Ndoo ilikuwa karibu na mlango. Mama mwenye saa naye alikuwa karibu na mlango. Ameondoka na viatu vilivyolowa na saa yake ndani ya leso, vipande vyote isipokuwa springi.

Jumatano, 8 Mei

Kwa kinyozi kuna gazeti la zamani lenye ukurasa wa divai. Maneno yao ni makubwa! Divai moja ina ngozi. Nyingine ina moshi. Nyingine ina udongo baada ya mvua. Nimeyanakili yote matatu kwa wino ndani ya mkono wa shati.

Kinyozi alisoma kadi yangu akauliza kwa nini nisifuate kanuni ya nane, inayosema mgeni aseme tu anachohisi. Nikamwambia nikianza kusema ninachohisi hatutatoka humu leo. Nilidhani atacheka. Akainamisha kichwa changu akaendelea kunyoa shingo, taratibu kuliko kawaida.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikuwa natafuta tai. Nikafungua droo ya mke wangu, ile ambayo huwa sifungui.

Chupa yake ya manukato. Asumini. Imebaki robo. Alikuwa anatia tone moja nyuma ya kila sikio, basi, na mimi nimesimama mlangoni nalalamika kwamba tutachelewa. Miaka ishirini na sita nimelalamika mlangoni. Nimefungua kifuniko na chumba kizima kikawa yeye. Nimekaa kitandani na tai mkononi mpaka miguu ikafa ganzi. Nimelia, naandika kama ilivyo.

Halafu likanijia wazo.

Kanuni ya tatu inasema usijipake manukato, unawaharibia wenzako. Lakini hiyo ni ya wageni. Mimi ni baba. Binti atasikia harufu ya mama yake kabla hata hajaniona, moyo utalainika, na mbele ya meneja atanikumbatia. Huyo Mheshimiwa na mlima wake watakaa pembeni.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepiga pasi koti. Kanuni ya pili: kula kitu kwanza. Sitakula. Kinywa kitupu ndicho kinachoonja vizuri, akili ya kawaida tu hiyo.

Jumamosi, 11 Mei, jioni

Natamani siku hii ifutwe.

Tone moja nyuma ya sikio niliona halitafika mwisho wa meza. Nikatia shingoni. Nikatia kwenye koti. Nikalowesha leso. Chupa ikaisha.

Chumba kizuri, meza ndefu, kitambaa cheupe, watu kumi na wawili, kila mmoja na glasi tatu mbele yake. Nimekaa mbele kabisa, Mheshimiwa ubavuni. Binti ameingia kwa mlango wa pembeni, aproni nyeusi, nywele amezibana kama mama yake alivyokuwa akizibana. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alituambia tutazame rangi kwanza. Nikatoa lenzi yangu ya saa nikaitia jichoni nitazame vizuri kuliko wote. Meneja akaandika kitu.

Kisha binti akasema tunuse, kila mtu aseme anachosikia.

Mama wa kwanza akasema asumini. Kijana aliyemfuata akasema asumini. Bwana mwenye kipara akasema asumini, nyingi. Mheshimiwa akafumba macho akasema asumini, ya upande wa kusini wa mlima. Ikafika zamu yangu. Nikachungulia shatini, nikasema ngozi.

Divai ya pili, nyekundu. Asumini, meza nzima. Meneja anaandika bila kuinua kichwa.

Binti akachukua glasi yake mwenyewe akanusa. Akaacha. Akainua kichwa akatazama mlangoni.

Nilimwona. Kwa muda wa kupepesa jicho alikuwa anamtafuta mama yake. Uso ulifunguka kabisa, uso wa mtoto anayesikia mama amerudi kutoka sokoni. Halafu akakumbuka. Halafu akanitazama mimi.

Nikaona niokoe jahazi. Nikasimama. Divai zote nilikuwa nimezimeza, maana baada ya vile viatu niliogopa kutema, na tumboni hakukuwa na kitu. Nikasema kwa sauti: moshi! udongo baada ya mvua! Nikarudi kukaa, kiti kikawa si pale nilipokiacha. Nimeanguka na kitambaa cha meza na glasi sita.

Binti amenishika mkono akanitoa mpaka kwenye korido. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alikuwa analia kimyakimya na kujifuta kwa aproni. Akauliza kama ni ile chupa ya mama. Nikasema ndiyo. Akauliza kama imebaki. Ningesemaje? Nikasema imebaki, karibu nusu.

Jumapili, 12 Mei

Kichwa kinagonga. Mheshimiwa amekuja. Nilijua amekuja kunicheka, nikamwandalia jibu. Anasema binti alifungua madirisha, akawahamishia wageni barazani, akamaliza kikao chote. Meneja hakumpa kazi wala hakumnyima. Atajaribiwa tena mwezi ujao, na baba yake asialikwe.

Kisha Mheshimiwa akageuka. Akaangalia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Akauliza kama anaweza kulisogelea. Alisimama pale, mtu mzima na tumbo lake, pua ndani ya kola ya koti langu, mabega yanatikisika. Mke wangu alikuwa dada yake, hata hivyo. Nikamsogezea kiti. Jibu nililoandaa sikulitumia.

Jumatatu, 13 Mei

Barua! Mlinzi ameileta, safari hii nilikuwa nimeshika springi ya saa nyingine kwa koleo na haikuruka.

Binti anakuja nyumbani Jumapili saa kumi! Anasema nisipike, nisimwalike mtu, nisipange lolote. Anataka tukae tu, sisi wawili, na anuse chupa ya mama. Anasema alipotazama mlangoni aliumia sana, lakini kwa ule muda mfupi mama alikuwa hai, na hilo hajui anishukuru au anilaumu.

Halafu mwishoni: Baba, kama chupa imeisha, niambie tu imeisha. Sitakasirika. Nitakuja hivyo hivyo.

Nimeisoma mara saba. Nimelia tena. Mtoto ana moyo wa mama yake. Hataki chochote zaidi ya ukweli na kiti.

Jumanne, 14 Mei

Nimepata ufumbuzi!

Duka la pembeni wanauza asumini ya kupima. Nimeinunua na kuimimina kwenye chupa ya mke wangu. Ilikuwa nyeupe mno, nikatia chai ya rangi kijiko kimoja. Ilikuwa nyepesi mno, nikatia mafuta ya saa matone mawili. Nimetikisa. Sasa iko nusu kamili, kama nilivyosema.

Mheshimiwa ameinusa kibandani. Akasema si yeye, hata kidogo, na ina harufu ya chai. Akanisihi nimwambie mtoto ukweli, nikae naye, basi. Nikamwambia yeye ndiye mtu aliyesikia asumini kwenye divai, anyamaze.

Jumapili saa kumi. Nitampangusia kiti cha mama yake, nitamkabidhi chupa kwa mikono miwili, atafumba macho na kunusa, na yote yatakuwa yamekwisha kati yetu. Wasiwasi wa nini? Pua ya mtu anayenusa divai kutwa kucha lazima imeshachoka. Hatajua.