Mtaalamu wa Anga na Matofali Mabichi

Mhandisi hakuwa mhandisi. Hilo tulimalize mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Jina alijipa mwenyewe siku aliyonunua suti ya kijivu, na watu wakalipokea bila maswali, maana mtu mwenye suti na gari nani atamdai vyeti? Suti yenyewe ilikuwa imepauka mabegani. Gari lilikuwa na mlango wa dereva unaofunguka kwa nje tu, lakini lilikuwa gari, na alilipenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Humo alilala, humo alinyoosha suruali kwa kuilalia, na humo alipanda kuondoka kila mji ulipoanza kumshtukia. Bila gari angekuwa mtu wa kawaida, anayekwenda kwa miguu na kulazimika kusema kweli.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegesha kando ya uwanja wa matofali nje kidogo ya mji, redio inaongea, yeye anakunywa chai. Redioni mtaalamu mmoja alikuwa akieleza mambo ya anga. Hewa chafu inayotoka kwenye moshi, alisema, inajikusanya huko juu na kulifungia joto la ardhi lisitoke. Dunia inapata joto, na hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, ndiyo maana siku hizi mvua inasahau msimu wake, na ikija inamwagika yote kwa mkupuo. Mhandisi alinyoosha mkono abadilishe stesheni, maana habari hizo aliziona porojo za watu waliokosa kazi.

Mkono ukasita. Ng'ambo ya ua, mwenye uwanja, mama wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Mama Tanuru, alikuwa akimlalamikia shemeji yake, msimamizi wa kazi. Mwaka jana mvua ilinyesha mwezi huu huu wa jua kali ikamlainishia matofali yote mabichi. Mwaka juzi vilevile. Sasa wamefyatua mengine, yamejaa uwanja mzima yakianikwa, na yeye usingizi hapati.

Mhandisi akaweka kikombe chini taratibu. Kwa akili yake, mvua mbili za kiangazi zilikuwa bahati mbaya mbili, basi. Tangu enzi za bibi yake mwezi huu haukuwahi kuwa na mvua. Sasa fikiria kumuuzia mtu kinga ya kitu ambacho hakiji! Kazi hakuna, lawama hakuna. Karibu machozi yamtoke kwa uzuri wa jambo hilo.

Alikwenda moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu, akapata ile kofia kubwa ya kukaushia nywele saluni, mbovu, akaifunga juu ya kigoda cha chuma, akaichomekea nyaya za rangi mbalimbali. Mchana alirudi uwanjani akiwa amefunga tai. Akajitambulisha kama mtaalamu wa anga.

Na tumpe haki yake, kusema alijua. Aliyameza maneno ya redio na kuyatapika kwa mpangilio kuliko mwenyewe aliyeyasema. Akaonyesha tanuru lililokuwa likifuka moshi mweusi wa matairi yaliyochakaa. Akamwambia mama kwamba huu nao umo kwenye mzigo ulioko juu, pamoja na wa maelfu ya wengine. Akaeleza joto, akaeleza mvuke, akaeleza kwa nini mkulima hajui tena lini apande, kwa nini fundi rangi anapaka leo kesho rangi inaoshwa na maji. Mashine yake, alisema, inavuta uchafu huo juu ya uwanja, mawingu yanakosa pa kushikia, yanahamia kwa jirani.

Mama Tanuru aliitazama ile kofia kwa muda mrefu, akakunja uso kidogo, kisha akavuta kiti. Kuhusu mashine hakuuliza hata swali moja. Aliuliza habari za anga tu. Kwa hiyo zile mvua hazikuwa bahati mbaya? Hapana, mama. Na zitazidi? Zitazidi, mama, ndiyo hali ya hewa mpya hiyo. Hata mwezi huu? Hasa mwezi huu, akasema Mhandisi, na moyoni akicheka hadi mbavu zikamuuma.

Mama aliomba usiku mmoja alifikirie jambo hilo. Asubuhi alikuja na jibu lililompa Mhandisi kizunguzungu. Pesa mkononi hakuwa nayo, utajiri wake wote umelala pale chini kwenye jua. Basi Mhandisi achukue matofali yote ya uwanjani yawe mali yake, tanuru atumie bure, na kwa kuwa yanazidi mno bei ya mashine, yeye amrudishie mama lile gari. Mkandarasi wa shule alikuwa akiyasubiri matofali hayo kwa hamu, na yakishachomwa yangenunua magari mawili kama lile na chenji ikabaki.

Mhandisi aliligeukia gari lake. Akasema ni bora angoje mama auze kwanza.

"Mwanangu," Mama Tanuru akasema kwa upole, "mashine si inazuia mvua? Sasa unaogopa nini?"

Hapo alikuwa amebanwa, ila hakujiona amebanwa, kwa sababu tamaa ilishamfumba macho. Magari mawili! Akatoa kadi ya gari, akatoa ufunguo, wakapeana mikono mbele ya shemeji.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Mhandisi aliketi uwanjani kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine yake, akiwaelekeza vibarua wageuze matofali yakauke upande wa pili. Alianza hata kutembea kwa mwendo wa tajiri, mikono nyuma. Aliona shemeji akikusanya maturubai yote na kuyapakia kwenye lile gari, akadhani wanahama, akawapungia mkono.

Kisha ikaja alasiri moja ya joto la ajabu, hewa imesimama, shati limeganda mgongoni. Upande wa milimani anga likawa na rangi ya jivu. Mhandisi alilitazama akajiambia ni vumbi. Tone la kwanza lilimdondokea puani. La pili hakulihesabu, kwa sababu mvua yote ilikuja pamoja.

Alikimbia. Alivua koti la suti akafunika matofali, likatosha kufunika manne. Akakumbatia mengine kifuani yakamlegea mikononi. Alipiga kelele aletewe turubai, na vibarua waliosimama chini ya bati la tanuru wakamjibu kwa masikitiko kwamba maturubai yalishaondoka na gari. Mwishowe, mtu mzima na akili zake, aliifuata mashine akaanza kubonyeza vitufe. Alilia, na kwa mvua ile hakuna aliyegundua.

Ilipokatika, uwanja ulikuwa tope tupu. Mama Tanuru akaja na gumboti zake, akasimama kando yake kama mtu aliyekuja kutoa pole. Nyuma ya ua lile gari lilikuwa likipita, shemeji kwenye usukani, maturubai yamefungwa juu, likielekea uwanja mwingine ambako mama alikuwa amefyatua matofali mapya chini ya paa.

"Ulijua," Mhandisi akasema. "Ulijua mashine ni feki."

"Kofia ya saluni? Nimekaa chini ya hiyo kila sikukuu, mwanangu. Mashine ilikuwa uongo mtupu." Akatikisa kichwa. "Lakini yale maneno yako ya anga yalikuwa ya kweli. Niliyapima na yale yaliyonipata miaka yote miwili, nikaona huyu kijana anajua. Nikakuamini."

Katika uwanja ule wote mtu pekee ambaye hakumwamini Mhandisi alikuwa Mhandisi.

Mama akamkumbusha, bila ukali, kwamba tope ni mali yake na uwanja unahitajika. Ama aliondoe, ama alifyatue upya. Akamwekea miguuni fremu ya mbao ya kufyatulia. Mhandisi akakunja suruali ya suti hadi magotini, akainama, akachota udongo. Alipofyatua tofali la kwanza, aliinua macho juu.

"Mama," akaita. "Turubai moja mnakodisha shilingi ngapi?"