Nusu Ng'ombe na Tikiti Namba 240

Jumatatu, 13 Januari
Nyuzijoto thelathini chini ya sifuri, na bado nasemwa. Mwaka jana shemeji yangu Taras alishinda nusu ng'ombe katika droo ya klabu yetu ya kusukuma mawe kwenye barafu, na mimi katibu ndiye niliyechomoa karatasi kwenye ndoo. Bahati tupu! Nani anasadiki? Bernadette Friesen, mwalimu mstaafu wa hesabu, anakitaka kiti changu, na kura ni mwisho wa mwezi. Miaka kumi na minne ya ukatibu iende hivihivi? Thubutu.

Nimepata dawa. Droo ya safari hii, zawadi ikiwa ileile, ni mtandaoni, hakuna mkono wa mtu. Tutachukua namba ya bahati nasibu ya mkoa ya Jumamosi mchana, tuigawe kwa idadi ya tikiti. Baki ndilo namba ya tikiti itakayoshinda. Orodha ya majina na kanuni nitazibandika mapema kwenye ukurasa wa klabu, na zikishabandikwa hazibadiliki. Mwenye shaka apige hesabu kwa simu yake.

Ijumaa, 17 Januari
Zimeuzwa 239. Namba mbaya machoni. Nimenunua moja mwenyewe, zikatimia 240. Bernadette alitaka kuzisoma kanuni kabla sijazibandika. Nikamwambia wivu hautamsaidia. Sasa kaandika maoni marefu chini ya orodha. Sijayasoma. Nitayasoma kesho, nikishamfunga mdomo.

Jumamosi, 18 Januari
Balaa! Namba imetoka: 482160. Ukumbi mzima umeinamia simu, watu wanagawa. Baki: sifuri. Hakuna tikiti namba sifuri! Taras kacheka hadi kamwaga kahawa.

Ndipo nikayasoma yale maoni. Bernadette alikuwa ameuliza baki likiwa sifuri itakuwaje. Haki, aliandika, ni ashinde mwenye tikiti ya mwisho, maana bila hivyo hana njia nyingine ya kushinda, na jambo hilo liandikwe kabla ya droo. Tikiti ya mwisho! Yangu! Jasho likanitoka na baridi yote ile. Mke wangu Halyna akaninong'oneza kwamba friza ina nafasi.

Nikasimama. Nikasema kwa hesabu nyama ni yangu, lakini kanuni haikuandikwa, na kosa ni langu, kwa hiyo siichukui. Najitoa, tubaki 239, turudie Jumamosi ijayo na sifuri iwe imeandikwa.

Kisha Bernadette akasema, “Orest, leo nimekuamini.”

Nusura nilie.

Jumamosi, 25 Januari
Namba 306751. Baki 114. Simu arobaini, jibu moja! Tikiti ya Agnes Wiebe, dereva wa basi la shule, ambaye maisha yake yote hajawahi kushinda hata soksi. Alinikumbatia mbele ya watu. Hakuna aliyenong'ona.

Kisha kura. Thelathini na moja kwa mbili, nimebaki katibu! Bernadette mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Hizo mbili siulizi za nani. Halyna haongei nami tangu suala la friza.

Jumapili, 26 Januari
Nimeamka na furaha, nikaandika kanuni za droo ijayo, ya mashine ya kuondoa theluji. Kurasa sita, sifuri imo. Kanuni ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote: likizuka jambo lisilomo humu, katibu ataamua peke yake. Bernadette ataisoma nikishazibandika.