Siri ya Mayai ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Makinda wanne! Wametoka leo kabla sijamaliza kunyoa. Wekundu, hawana hata unyoya mmoja, kazi yao kufungua midomo tu. Nimesimama mbele ya tundu na povu shavuni mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nimepooza.

Chiriku wenyewe, dume na jike, si wangu. Ni wa Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Aliniazima. Makinda wa kwanza walikufa wote. Wa pili pia, na sipendi kuandika habari zao. Sasa Shemeji ametoa kauli: atakuja Jumapili. Akikuta hawa wanne wazima, chiriku hawarudi tena kwake. Akikuta amepungua hata mmoja, tundu zima linakwenda kwa Fundi Saa, jirani wa ng'ambo ya barabara. Fundi Saa ameshapigilia msumari wa kulitundika. Nimeuona kwa macho yangu.

Nimekwenda kumuuliza Shemeji kuhusu chakula. Mwanamke yule! Anakata kitambaa bila kuchora mstari. Ana chiriku kumi na saba na tangu mwaka juzi hajapoteza kinda. Alinijibu na pini mdomoni: chemsha yai robo saa mpaka kiini kikauke, lipoe, lisage kwa uma, changanya na chenga za mkate mkavu, wape asubuhi, na lisikae tunduni zaidi ya masaa mawili. Basi.

Basi? Nina miaka ishirini na mbili masjala. Jambo la maana halikai kwenye jalada la wazi. Majalada ya wazi yana maombi ya likizo na barua za kulalamikia choo. Mambo yenyewe yamo kwenye kabati la siri, nyuma ya kufuli mbili. Sasa mtu mwenye akili ya Shemeji ataje siri yake mlangoni, mbele ya mteja anayepimwa kiuno? Thubutu. Nimemshukuru kwa adabu zote nikaondoka. Lazima nijue anatia nini.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimetoroka kazini mapema, nikaenda kwa Shemeji kurudisha chujio. Sikuwahi kuazima chujio. Nimempelekea letu. Amelipokea bila swali, akalitundika jikoni kwake. Heshima yangu kwake imeongezeka.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko, nikijifanya nimechoka jua. Mayai mawili, maji baridi, sufuria ndogo, moto wa wastani. Hakuna unga wala majani wala chupa iliyofichwa. Ila alikuwa akiimba! Kwa sauti ya puani, huku akishona pindo la sketi. Wimbo ulipoisha akaepua. Siri ni wimbo. Karibu nimkumbatie.

Nimerudi mbio nyumbani, nimeimba. Ubeti wa pili siujui, nikauruka, na wa tatu niliuharakisha kwa furaha. Yai nimelivunja, kiini kinatiririka. Nikawapa hivyo hivyo. Jike limezamisha mdomo, likaenda kuwalalia makinda, likanata nao. Mke wangu amewabandua mmoja mmoja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ameniuliza kwa upole kwa nini sikutazama saa. Nimemwambia saa ni mambo ya Fundi Saa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo nimemvizia adui. Fundi Saa naye alifuga chiriku wa Shemeji zamani, huenda anajua kitu. Nimempelekea saa yangu ya mkono, nzima kabisa, nikasema inachelewa. Ameifungua, akaitazama, akasema haina ugonjwa. Mtu mwaminifu, lazima niseme. Nikamtupia swali kama mzaha: Shemeji anatia nini kwenye mayai? Akainama karibu na sikio langu, akanong'ona: kitunguu. Na nyanya kidogo.

Kanong'ona! Huyo ndiye mtu wa kabati la siri.

Nimekaanga mayai matatu kwa kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta. Jiko zima linanukia. Dume limekitazama kisahani kama bosi anavyotazama ombi la likizo, likanigeuzia mgongo. Makinda wakalia. Nikawabembeleza nusu saa. Halafu nikala mwenyewe, kisha nikafuta sahani kwa mkate. Ulikuwa utamu wa kupindukia. Naanza kudhani Fundi Saa alinicheka.

Mke wangu amenitaka nitoke kidogo jikoni, anataka kufagia. Amefagia muda mrefu. Nilipokwenda kuwaaga chiriku, makinda walikuwa wametuna koo, wamenyamaza. Harufu ya kitunguu imewashibisha. Ajabu kweli.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimebadili mbinu. Nimemtuma mke wangu kwa dada yake akaitoe siri kindugu. Nimemfundisha njiani mpaka getini: aanze na habari za watoto, aingie kwenye habari za mama mkwe wangu, kisha ateleze hadi kwenye mayai. Amerudi baada ya dakika tano. Amesema dada kasema robo saa, yapoe, yasagwe, chenga za mkate, masaa mawili, na kwamba mumeo ana kichwa kigumu.

Hata mdogo wake wa tumbo moja hakumwambia! Nimesimama sebuleni nikatikisa kichwa kwa sifa. Ofisini kwetu mkuu wa masjala ya siri alimwambia mkewe kila kitu ndani ya wiki mbili.

Nimegundua jambo jingine. Hayo masaa mawili ni mtego wa kuwapoteza wezi. Kesho nitaacha mayai tunduni kutwa nzima. Ndege ashibe, tatizo liko wapi?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Asubuhi niliacha kisahani kimejaa, nikaenda kazini. Mke wangu alikuwa sokoni na jua lilikuwa kali. Nimerudi jioni, nyumba inanuka, sisimizi wamepanga mstari toka dirishani. Makinda watatu wanalia. Wa nne, yule mdogo, amelala ubavu, shingo imelegea.

Nimekaa sakafuni. Nilifikiri habari za Fundi Saa na msumari wake, halafu nikaona sijali tena msumari. Nilitaka tu kale kadogo kainue kichwa. Mke wangu hakunigombeza. Alitupa mayai, akaosha kisahani kwa maji ya moto, akakachukua kale kadogo kiganjani, akakalisha punje kwa punje kwa ncha ya kijiti. Mkono wake hautetemeki. Nimeishi na mkono ule miaka kumi na tisa, sikuwahi kuutazama vizuri. Baada ya saa nzima kakafungua mdomo, kakadai zaidi. Nimelia. Nimemwambia mke wangu ni kitunguu. Leo hatukukata kitunguu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Shemeji amekuja na viatu vya kanisani. Hakuketi. Amehesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Wote wameota manyoya ya kwanza, wote koo zimejaa. Ameuliza nani anawapikia. Nikaeleza. Nimeeleza nusu saa: wimbo, kitunguu, mtego wa masaa mawili. Shemeji amecheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwambia: chiriku ni wako, mdogo wangu, pamoja na makinda. Na mimi akaniambia: shemeji, wewe unaruhusiwa kuwatazama.

Wamebaki! Fundi Saa katazama toka dirishani kwake. Nimempungia mkono.

Nimeelewa kwa nini hawakuandikwa kwa jina langu. Mambo mazito hupitishwa kwa jina la mtu mwingine, ili wasiojua wasishtuke. Kichwa kile kingestahili wizara.

Shemeji alipoondoka, mke wangu alinikalisha kitako. Akasema tangu Jumanne yeye huamka alfajiri, huchemsha yai robo saa, hulisaga na chenga za mkate, huwalisha, huondoa kisahani. Kila siku. Hakuna kingine. Alisema hayo waziwazi, ananitazama usoni, sufuria mkononi.

Mwanamke niliyemdhania mtu wa kawaida! Anatunza siri kuliko dada yake. Kesho alfajiri nitajibanza nyuma ya mlango wa jikoni nione anachotia kweli.