Kundi la Damu la Mkurugenzi

Ifahamike kwa wananchi wote kwamba Hospitali Kuu imekomesha makosa ya kupima makundi ya damu. Njia iliyotumika ni rahisi: kupima kumekomeshwa.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe, na alilipata kwa uchungu. Alipimwa, akaambiwa ni kundi O. Akauliza O ndiyo nini. Akajibiwa kwamba mwenye O huwapa watu wa makundi yote, lakini yeye hupokea kwa O mwenzake tu. Alihisi ametukanwa. Tangu lini mkubwa akatoa kwa kila mtu? Kilichomvutia ni AB, maana AB hupokea kwa wote na kuwapa wenzake tu. Hiyo sasa ndiyo damu ya uongozi.

Basi waraka ukatoka. Kundi la damu litafuata cheo: wakurugenzi AB, wakuu wa idara A au B kwa kadiri ya utendaji wao, na umma uliobaki O. Ile tabia ya kulinganisha damu ya mfuko na ya mgonjwa kabla ya kumwongezea ikapigwa marufuku, kwa kuwa inaonyesha kutoaminiana kazini.

"Bosi, damu isiyooana inaua," Naibu wake alinong'ona.

"Inaua wasio na nidhamu."

Siku ya uzinduzi alipanda kiti autundike waraka ukutani kwa mkono wake, ndani ya fremu ya kioo. Kiti kikateleza, kioo kikampasua paja. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kama huingia na cheo chake. Muda si muda alikuwa kitandani, midomo imepauka, mkewe kamshika mkono, na muuguzi anatundika mfuko wa kundi A.

"Sista, ngoja! Mimi ni O!"

"Hapana, mheshimiwa. Wewe AB, unapokea yoyote. O tunawawekea wanyonge, wao hawana pa kukimbilia."

"Hiyo itaniua, mama! Nipe O!"

"O ni ya wasio na cheo. Waraka ni wako, si wangu."

"Baba watoto," mkewe akalia, "cheo utazikwa nacho? Kiache!"

Mkurugenzi aliogopa, tena aliogopa kweli. Kwa bahati Naibu alikuwa mlangoni na barua ya kujiuzulu imeshachapwa, maana ni mtu anayejali. Saini ikatiwa palepale. Mfuko wa A ukashushwa, wa O ukapandishwa.

Alipopata nguvu ya kusema, alimwita Naibu, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi na AB kamili.

"Ndugu yangu, ufute ule waraka. Utamaliza watu."

Mkurugenzi mpya alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mwananchi.

"Maoni tunapokea, mzee," akasema. "Sanduku liko pale getini."