Meza Kuu Msituni

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Ukungu ulikuwa umefunika msitu wote wa umma, kuanzia maegesho ya magari hadi ng'ambo ya kijito, na mtu alihitaji imani ili kujua vidole vyake bado vipo. Kisha kipaza sauti kikakohoa, kikapiga mluzi, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa ikasema:

"Heloo. Heloo. Moja, mbili. Ndugu wanaumoja, leo, kwa heshima na taadhima, tunazindua rasmi Mpango Kabambe wa Kubaini Mahali Pazuri pa Kuwinda katika Ardhi ya Umma. Makofi."

Makofi yakapigwa. Vichakani kitu kizito kikakurupuka na kutimua mbio kuelekea kijitoni. Nehemiah Kipchumba, Mwenyekiti wa Umoja wa Waswahili wa Adelphi na Viunga Vyake, huko Maryland, Marekani, akaelewa kwamba wanachama wamesisimka.

Haikuwa siku ya mzaha kwake. Krismasi iliyopita wageni wa tawi la Columbia waliandaliwa kuku wa dukani, nao walimla kwa adabu iliyomchoma Nehemiah kuliko matusi. Akasimama palepale akatamka kwamba mwaka unaofuata meza itakuwa na nyama ya mwituni, na isipokuwepo, wampokonye uenyekiti. Watu wa Columbia walipiga makofi kwa furaha kidogo kupita kiasi. Kazini Nehemiah alikuwa msimamizi wa maegesho katika jengo moja la ofisi kule College Park, ambako hakuna aliyemwita Mheshimiwa. Alichokuwa nacho duniani ni uenyekiti ule.

Basi akaunda kamati. Kamati ilikaa vikao vingi, vyote sebuleni kwake, kwa kuwa msituni hapakuwa na zulia. Kikao cha kwanza kilijadili jina la Kiswahili la mnyama ambaye Wamarekani humwita deer. Wakenya walisema ni paa, Wakongomani wakasema ni mbawala, na Mtanzania mmoja akaapa ni kulungu, akasusia chai. Ili kulinda mshikamano, ikaamuliwa aitwe Mnyama Husika.

Vikao vilivyofuata viliweka vigezo. Mahali pazuri pa kuwinda, kamati ilibaini, ni penye ardhi tambarare ya kubeba viti vya plastiki, mtandao mzuri wa simu, na hatua chache hadi kwenye gari. Mnyama Husika hakutajwa katika vigezo, maana hakuwa mwanachama. Leseni za uwindaji kila mtu alikuwa nazo. Hizo zilishughulikiwa na jimbo, si kamati, ndiyo maana zilipatikana.

Mahali penye sifa zote pakaonekana: ukingoni mwa maegesho. Hapo ikawekwa meza kuu, kitambaa cheupe juu, maua ya plastiki katikati. Nehemiah akakaa mbele ya maua, kizibao cha wawindaji cha rangi ya chungwa juu ya suti. Mkono wake wa kuume akakaa mweka hazina, Papa Elie. Wanachama wa kawaida wakaelekezwa nyuma, ng'ambo ya kijito, kwenye miba.

"Huko nyuma ni mbali, Chair," alisema Jeptoo, nesi aliyekuwa ametoka zamu moja kwa moja.

"Ndiyo maana panaitwa nyuma."

"Na huku mbele kuna nini? Mimi naona parking tu."

"Kuna itifaki."

Jeptoo akamgeukia Mama Spéciose, Mrundi anayehudumia wazee majumbani mwao. Mama Spéciose alikwisha tundika bunduki begani.

"Twende, mdogo wangu. Huko angalau hotuba haifiki."

Walipozama ukunguni, ikajitokeza changamoto ya kiufundi. Meza kuu, kama zilivyo meza kuu zote, ilikuwa imewaelekea wananchi.

"Président," Papa Elie akanong'ona, "tumekaa na bunduki, tunaangaria watu yetu. Ile haiko muzuri."

Viti vikageuzwa. Sasa uongozi ulitazama magari, bunduki magotini, bila risasi, kwani risasi zilikuwa zinasubiri idhini ya kikao.

Ratiba ikaendelea. Sala ya kufungua. Utambulisho wa meza kuu, kwa makofi ya meza kuu. Utambulisho wa wake wa meza kuu, ambao walikuwa nyumbani wamelala. Nehemiah alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujipongeza kwa niaba ya wote uliposikika mshindo ng'ambo ya kijito.

"Mlio huo haumo kwenye ratiba," alitangaza.

Ukafuata wa pili.

"Huo nao haumo."

Punde wanachama wote wakatokea ukunguni, na mbele yao Jeptoo na Mama Spéciose wakivuta kwa kamba dume kubwa, pembe zake zikilima majani.

"Asanteni kwa makofi," Jeptoo alisema akihema. "Kila mkipiga, wanakuja kwetu mbio. Wa kwanza nilimkosa. Wa pili Mama hakumkosa."

Nehemiah akainuka mezani. Akaliona akilini tawi la Columbia likitafuna kwa heshima. Akaweka mkono juu ya pembe, akageuza uso mahali ambapo picha hupigwa.

"Kamati imempata Mnyama Husika," alisema. Kisha akaona lebo ya mwindaji iliyofungwa sikioni mwa mnyama. "Hapa pana kasoro ndogo ya uandishi. Limeandikwa jina la Spéciose. Ilitakiwa Umoja."

"Sheria ya Maryland, Chair. Jina ni la aliyepiga. Na nyama pia," alisema Jeptoo.

"Mama Spéciose alikuwa mkono wa kamati."

"Basi mkono unakwenda nyumbani," alisema Mama Spéciose, akaivuta kamba kuelekea gari lake.

Nehemiah akamfuata mbio, akaangusha viti viwili vya uongozi.

"Mama, tuzungumze. Tutakupa cheti. Tutakupa cheo, hata. Mlezi wa Umoja."

Mama Spéciose akasimama. "Krismasi nilipika kuku zenu tangu alfajiri. Nilikula shingo, nimesimama mlangoni mwa jikoni, na weye unashukuru meza kuu kwa mapishi."

Papa Elie akaanza kukagua viatu vyake.

"Ofisi yangu itaangalia uwezekano wa kuunda kamati ndogo ya—"

"Hapana. Nani atapika?"

"Uongozi."

"Uongozi ni jina la nani?"

Nehemiah akatazama huku na huku. Watu walikuwa wamewazunguka, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mama Spéciose akafungua buti la gari.

"Mimi," Nehemiah alisema.

"Sikusikia."

"Mimi, Nehemiah, nakuahidi, Mama Spéciose, na hawa wote wanasikia: siku ya Krismasi nitapika mwenyewe. Wewe utakaa katikati ya meza kuu. Nitakupakulia wa kwanza, nikupe paja. Na mimi nitakula mwisho, jikoni, nimesimama."