Samli Iliyonisaliti Hospitali

Jamani, nimeaibika leo! Tena si aibu ya pembeni, ni aibu ya benchi zima la wagonjwa wa Musoma. Nawaandikia mapema ninyi wenzangu wa Nyegina, kabla Mama Nyangeta hajafika huko na mdomo wake.

Kazi yangu mnaijua. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa huku Bunda, akina mama tunapika samli ya pamoja, na mwonjaji ni mimi. Debe nikiliitikia kwa kichwa, linakwenda kuuzwa. Nikilikunjia uso, linabaki kijijini tukaangie. Hata mwenyekiti akinikuta nimeshika upawa hunyamaza. (Mahali pengine pote hanyamazi.)

Sasa mwezi uliopita kifua kilinibana nikipalilia pamba. Daktari akasema huenda ni mafuta. Eti yakizidi kwenye damu yanajishika kwenye kuta za mishipa ya moyo, njia inazidi kuwa nyembamba, mwisho inaziba. Akataka nikapimwe damu, nikiwa sijatia kitu mdomoni tangu jioni ya jana yake ila maji. Akina mama wakakaa kikao juu ya kifua changu. Wakaamua: damu ikiwa safi, naendelea kuonja. Ikiwa na mafuta, upawa unakwenda kwa mwenzetu wa kikundi, Mama Nyangeta. Mwanamke yule hajui tofauti ya samli nzuri na samli iliyoungua! Kwake zote "tamu". Nikaapa kwamba nitapimwa na nitashinda.

Jana jioni ugali ulipita mbele yangu na sikuugusa. Nililala na njaa kama mke aliyenuna. Leo alfajiri nikapitia jikoni kwa kikundi, samli ya jana ikapashwa moto, nikaonja, nikaaga, nikapanda lori la pamba. Mama Nyangeta naye akapanda. (Alisema anakuja kunishikia mkoba. Mkoba sikuwa nao.)

Pale hospitali bwana maabara ni kijana wa adabu.

"Shikamoo mama. Umekula chochote tangu jana?"

"Marahaba. Sijala, mwanangu. Tumbo limeshikana na mgongo."

Nilisema kwa sauti ili benchi lisikie. Mzee mmoja mvuvi wa Kigera, aliyekuwa ametolewa damu kabla yangu, akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu mama ni hodari. Mimi njaa inanishindaga."

Nikavimba kichwa. (Mtaona kilivyonywea.)

Kijana akanitoa damu, akazisimamisha chupa zetu mbili dirishani zitulie. Damu ikitulia, wekundu unashuka chini, juu yanabaki maji. Ya mzee wa Kigera yakawa ya manjano, yanapitisha mwanga. Yangu, jamani! Meupe! Meupe kama maziwa ya kukamuliwa asubuhi. Ungeweza kuyatia kwenye chai ukanywa.

Benchi lote likanyanyua shingo.

"Mama," kijana akasema taratibu, "asubuhi umekula nini?"

"Sijala!"

"Ng'ombe huyu kaingia saa ngapi sasa?" akauliza mzee wa Kigera. (Heshima ilikuwa imekwisha.)

Hapo Mama Nyangeta akaona zamu yake imefika. "Hajala kweli. Ameonja tu samli. Anaonjaga kila debe kabla halijauzwa."

Kijana akachukua kijiko cha dawa mezani. "Ameonja kama hiki?"

"Ongeza."

Akanyoosha kiganja. "Hivi?"

"Baba, ni upawa. Na anamezaga."

Benchi likaangua kicheko! Mama mmoja mwenye kidonda mguuni alicheka mpaka akakishika kidonda. Nikasimama. Ningekaa wangedhani nimekubali.

"Sikilizeni ninyi! Kuonja si kula. Mtu anayekula ananawa mikono, anakaa, anashiba. Mimi nilikuwa nimesimama, niko kazini! Na samli haijulikani kwa ulimi, inajulikana kooni. Iliyoungua inakwaruza ikipita. Sasa nisipomeza nitajuaje? Niteme mali ya kijiji?"

"Mama," kijana akasema, "damu haijui kama ulisimama."

Wakacheka upya. Akaniambia mafuta ya asubuhi yametia ukungu kipimo chote, hakitasema ukweli. Nirudi wiki ijayo nikiwa nimefunga kweli. Kisha akainama karibu yangu, akashusha sauti: "Mama yangu, kifua kilichobana mara moja kinaweza kubana tena. Tunataka kujua hali yako kabla hakijabana tena. Samli iache kabisa, hata ya kuonja."

Hapo nikaogopa. Nasema kweli, nilishika kifua changu nikiwa siamini kama ni changu.

Tumerudi jioni. Upawa nimemkabidhi Mama Nyangeta kwa mkono wangu, mbele ya kikundi chote. Akaonja debe la kwanza. "Tamu." La pili. "Tamu." La tatu harufu ya kuungua niliisikia nikiwa nje uani! "Tamu sana." Nilikaa juu ya mikono yangu, isije ikaunyakua upawa.

Lakini mnisikie. Wiki hii nakula mchicha wa kuchemsha na dagaa, na nikipita jikoni kwa kikundi nitaziba pua. Nataka damu yangu ing'ae kuliko ya yule mzee wa Kigera. Daktari akiniambia nionje kwa ncha ya kidole, nitajifunza kidole. Akiniambia ninuse tu, nitanusa, na bado nitamshinda Mama Nyangeta na upawa wake.

Na yeyote anayetaka kunicheka, akatolewe damu kwanza, isimamishwe dirishani, tuione wote.